Kompyuta Kuukuu Inayokesha

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Katazo lilikuwa moja kwa vyote viwili. Tulipolifikia katika semina ya uzamili, darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na kompyuta mpakato mbele yake na mwalimu alikuwa akituonyesha picha kwenye skrini ya ukutani. Mimi pia nilicheka, kisha nikaikumbuka mashine iliyo sebuleni kwetu Mbagala. Yenyewe ni kompyuta na ni televisheni kwa wakati mmoja. Inapokea picha za kamera mbili zilizofungwa nje, inazichunguza, inazihifadhi, na jioni Mama huzitazama kabla ya kufunga geti. Mwaka 1974 mzigo huo ungezuiwa bandarini kwa makosa mawili.

Kulicheka katazo lile ni rahisi kuliko kulielewa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Miaka michache baadaye serikali ilijaribu kuendesha hesabu zake kwa mashine, na jaribio likaishia kwenye hasara na vurugu za vitabu, hata ikabidi kurudi kwenye kalamu na daftari. Kisha bei ya mafuta ikapanda, ukame ukaja, na fedha za kigeni zikawa za kununulia chakula. Katika hali hiyo kompyuta ilionekana mzigo na televisheni ikaonekana anasa. Zanzibar ilikwenda njia yake na kuanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970. Huku Bara, stesheni za kwanza zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, miaka 20 baada ya katazo.

Tangazo lile lilihusu fedha, wala halikuwa na habari na faragha ya mtu. Lakini lilikuwa na matokeo ambayo sisi tuliozaliwa baadaye hatuyafikirii. Kwa miaka mingi mashine ya kutunza kumbukumbu ilikuwa kitu cha wizara, cha shirika, cha taasisi yenye kibali. Mwananchi alikuwa ndani ya kumbukumbu kama jina na namba. Hakuwa mwenye kumbukumbu.

Ulinzi wa mtaani, kwa upande mwingine, haukuhitaji mashine yoyote. Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliunda mfumo wa nyumba kumi kumi, kila kumi zikiwa na balozi wake. Balozi alijua nani amehamia, nani ana mgeni, nani hana kazi lakini amenunua redio mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya sungusungu viliibuka Usukumani na Unyamwezini kupambana na wizi wa ng'ombe. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulinzi wa namna hiyo ulikazaniwa hata mijini. Wazee wa mtaa wetu bado wanazungumzia zamu za usiku, marungu na filimbi.

Tasnifu yangu inahusu vikundi hivyo vya mijini, kwa hiyo nimesikiliza simulizi nyingi. Kinachonivutia ni mahali kumbukumbu ilipokuwa ikikaa. Ilikaa vichwani mwa watu. Ilikuwa na huruma, kwa sababu balozi aliweza kusahau kwa makusudi kosa la kijana wa jirani. Ilikuwa na ukatili pia, kwa sababu neno la watu watatu wenye chuki lilitosha kumfanya mtu mwizi. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi alibaki mtu wa chama, na mambo ya mtaa yakawa chini ya serikali ya mtaa. Hata hivyo kwetu watu bado wanamwita mjumbe, na bado wanamgongea mlango usiku.

Kompyuta yenyewe ilifika nyumbani mwaka 2013, ikiwa tayari mtumba. Baba aliinunua Kariakoo kwa ajili ya kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ubavuni ilikuwa na stika ya mali ya shule moja ya Uingereza, na namba ya rejista ambayo mtu fulani kule aliiandika akiamini itamsaidia kuipata ikipotea. Ilichapa wasifu wa vijana wa Mbagala waliotafuta kazi, kadi za mialiko, risala za harusi na matangazo ya misiba. Baba alipofariki kibanda kilifungwa, na mashine ikaja kukaa chini ya meza ya sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mashine za namna hiyo huwa na umri mbili. Vyuma vyake vinaweza kuishi miaka 15 na zaidi, lakini programu zake hutangaziwa kifo mapema. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nzima kabisa, yenye feni inayozunguka na diski inayoandika, inageuka taka kwa sababu ya tarehe. Mpaka kati ya mtumba na taka umekuwa hoja ya kimataifa tangu Mkataba wa Basel wa 1989, uliowekwa kuzuia nchi tajiri kusukumia nchi maskini taka za sumu. Tangu Januari 2025 mkataba huo unadai idhini ya nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki. Sisi tulio mwisho wa safari ya mzigo tuna kipimo chetu. Kitu ni taka pale fundi anapokosa la kukifanyia.

Mwaka jana waliiba pampu yetu ya maji. Walikata bomba kwa msumeno, wakaacha kipande kikining'inia. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na bei aliyotajiwa na fundi wa kamera, rikoda yake na waya zake, ilizidi mshahara wake wa mwezi. Palikuwa na njia ya pili, ya kamera ndogo zinazotuma picha moja kwa moja kwenye seva za kampuni ng'ambo kwa ada ya kila mwezi. Njia ya tatu ilikuwa chini ya kitambaa cha kufuma.

Nilipoanza kusoma habari za watu waliopita njia hiyo kabla yetu, nilikuta historia yenye nyumba nyingi kuliko nilivyotarajia. Kamera za ulinzi kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwa dola. Wajerumani walizitumia Peenemünde mwaka 1942 kutazama makombora ya V-2 yakiruka, bila mtu kulazimika kusimama karibu. Lakini kamera ya ulinzi wa nyumba ilitoka kwa mama wa nyumba. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi mweusi aliyeishi Queens, New York. Zamu zake hazikuwa na saa maalumu, mumewe Albert alikuwa fundi wa umeme ambaye mara nyingi alikuwa kazini usiku, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mfumo wao, wakaipata tarehe 2 Desemba 1969. Mlangoni palikuwa na matundu manne ya kuchungulia kwa urefu tofauti, na kamera iliyoweza kupanda na kushuka kuyafuata. Picha ilionekana kwenye televisheni chumbani. Mwenye nyumba aliweza kuzungumza na aliye nje, kumfungulia mlango kwa kubonyeza, au kupiga kengele ya hatari.

Ukiutazama mchoro wa hataza ile utaona kwamba kila waya unaishia ndani ya nyumba. Anayetazama ni yule anayeogopa.

Kompyuta iliyochoka inayopewa kamera kuitunza nayo ina babu yake. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda na kushuka ngazi kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta aina ya Acorn Archimedes, na Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu ya kuwaonyesha wenzao picha ndogo isiyo na rangi, yenye nukta 128 kwa 128. Mwaka 1993 picha hiyo iliwekwa kwenye wavuti, na watu wa dunia nzima wakawa wanatazama kahawa isiyowahusu. Ilizimwa Agosti 2001. Kilichoanza kama huduma ya watu wachache wa jengo moja kilikuwa kimegeuka dirisha la kila mtu, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Programu ninayotumia inaitwa ZoneMinder. Philip Coombes aliianza mwaka 2002 baada ya kuibiwa zana zake za umeme kwenye gereji. Aliona kwamba kama angekuwa na kamera inayotazama gereji, angewajua waliomwibia. Akaandika programu, akaiachia huru ili yeyote aitumie na kuirekebisha. Inaendeshwa juu ya Linux, ambayo haijali stika ya shule ya Uingereza wala tarehe ya kifo iliyotangazwa na kampuni. Nilinunua kamera mbili Kariakoo, waya wa mtandao, na swichi ndogo ya kuziunganisha. Kazi ilichukua siku tatu za likizo.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Programu huchukua picha ya sasa, huilinganisha na iliyotangulia, kisha huhesabu nukta ngapi zimebadilika. Zikizidi kiwango ulichoweka, inatia alama kwamba kuna tukio. Haijui mtu ni nini, sembuse mwizi. Inajua badiliko tu. Wiki ya kwanza tulipata matukio mamia, na karibu yote yalikuwa kivuli cha mwembe, paka wa jirani, mvua, na buibui aliyesuka utando mbele ya lenzi. Nilichora mipaka kwenye picha ili mwembe usihesabiwe. Nilipunguza pia upande wa kushoto, kwa sababu kamera ya geti ilikuwa ikiona mlango wa bafu la nyumba ya pili.

Gharama zipo pia, na Mama ndiye aliyezigundua. Mashine hii inakula takriban wati 60. Kwa saa 24 hiyo ni karibu yuniti moja na nusu, na kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 43. Mteja mdogo wa umeme anayetumia hadi yuniti 75 kwa mwezi hutozwa bei nafuu, kwa hiyo kompyuta peke yake inameza zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. "Mwanangu, huyu mlinzi wako anakula sana," alisema siku LUKU ilipolia mapema. Tuliondoa kioo chake, tukazima taa mbili za nje zilizokuwa zikikesha, na mpaka leo kila mwezi tunaukaribia mpaka ule kwa hofu. Rikoda ya dukani ingekula kidogo zaidi. Diski nayo ina kikomo. Ina gigabaiti 500. Kamera moja hutuma megabiti 2 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 22 kwa siku, na kamera mbili karibu 43. Nimeiacha ihifadhi saa zote badala ya matukio tu, ili mtu akitafuta jambo apate usiku mzima na asipate vipande. Kwa hiyo inakumbuka siku 11 hivi, kisha inaandika ya leo juu ya ya zamani.

Rafiki zangu wananiuliza kwa nini sikuchukua zile za seva za ng'ambo, zenye simu kulia mfukoni. Jibu langu ni la kihistoria. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani ilidai kwamba kampuni ya Ring, mali ya Amazon, iliwaachia wafanyakazi wake kutazama video za ndani ya nyumba za wateja. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri. Miaka saba kabla yake, Oktoba 2016, programu haramu iitwayo Mirai iliteka kamera na rikoda nyingi ambazo wenyewe hawakubadili nywila za kiwandani, ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kwamba walinzi wao wanafanya kazi ya mtu mwingine. Kamera zetu hazina njia ya kwenda intaneti kabisa. Waya wao unaishia kwenye sipiyu iliyo chini ya meza.

Niliyaona hayo kama mambo ya ufundi mpaka ilipoibiwa bodaboda ya kijana wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Asubuhi jina lilikuwa limekwishapatikana. Lilikuwa la kijana wa mama anayeuza maandazi, aliyewahi kushikwa na simu isiyo yake miaka miwili nyuma. Kabla ya saa tatu vijana kama kumi walikuwa getini kwetu. Hawakuja kwa fujo. Walinisalimia vizuri, wakaomba "kale ka-video tu" nikatume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Nilikuwa nimekwishakatazama. Saa nane na dakika kumi usiku kijana yule alipita mbele ya geti letu akielekea upande wa bodaboda, kichwa chini, amevaa kofia ya jaketi. Kipande chote kilikuwa cha sekunde tisa. Kila mtu aliyekulia Dar es Salaam anajua sekunde tisa za namna hiyo zinaweza kumfanya nini mtu kabla ya polisi kufika. Anajua pia neno tairi lina maana gani nyingine.

Mama alitoka na khanga begani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakuna picha itakayotoka kwa simu. Anayetaka kuona aje sebuleni. Aje mjumbe, aje mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aje mwenye bodaboda, na aje mama yake kijana. "Na mtatazama yote," alisema, "si hicho kipande mnachokitaka."

Tulikaa watu tisa. Mjumbe alipewa kiti chenye mikono, mama wa maandazi alikataa kiti akaketi mkekani. Tulitazama kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa kasi pale palipokuwa kimya na taratibu kila mtu alipopita. Kijana alipita saa nane na dakika kumi. Mikononi alikuwa na madumu mawili, ambayo mimi sikuyaona mara ya kwanza kwa sababu nilitazama uso. Baada ya dakika 40 alirudi, madumu yamejaa, amepinda kwa uzito. Wiki ile maji yalikuwa ya mgao, yakitoka usiku wa manane. Kati ya saa nane na saa kumi walipita watu 14 wengine, wanawake sita kati yao, karibu wote na ndoo. Mwenyekiti mwenyewe alipita. Bodaboda haikupita popote, kwa sababu kamera yetu haioni kule ilikokuwa.

Picha zile hazikumsafisha. Mwenye bodaboda aliondoka akisema dakika 40 ni nyingi kwa madumu mawili, na kuna waliomwamini. Baada ya mwezi kijana alikwenda kwa baba yake mdogo Morogoro, na hajarudi. Bodaboda haijapatikana. Ninachoweza kusema ni kwamba asubuhi ile hakuguswa. Kamera haikumlinda, maana kazi yake ilikuwa sekunde tisa za mtu mwenye kofia. Aliyemlinda ni mtu aliyekuwa na haki ya kusema picha itazamwe wapi, na nani awepo, na kwa urefu gani. Kama picha zingekuwa kwenye simu ya kila mmoja wetu, Mama asingekuwa na mlango wa kusimamia.

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wanasheria watakueleza vizuri kuliko mimi nini kinamhusu mwenye kamera ya geti. Mimi niliyaona mambo mawili niliyozoea kuyasoma yakitenganishwa karne, nayo yameketi sebule moja. Lilikuwepo baraza la nyumba kumi, lenye macho ya watu na chuki zao. Ilikuwepo pia mashine iliyokatazwa mwaka 1974, isiyo na chuki wala akili. Kila kimoja peke yake ningekiogopa.

Jioni ile mama wa maandazi aliniita pembeni. Hakuuliza nani ameiba. Aliuliza, "Hiyo picha ya mwanangu itakaa humo mpaka lini?" Programu ina kitufe cha kulifungia tukio lisifutwe kamwe, na anayesomea historia hufundishwa kwamba kinachofutwa ni hasara. Nilimjibu siku kumi na moja. Alihesabu kwa vidole, akaipata Jumanne. Jumanne hiyo nilikuwa maktaba, na mashine ikafanya kazi yake bila mimi. Ilipohitaji nafasi iliandika juu ya usiku ule usiku mwingine, wa mvua, ambao hakuna aliyepita ila paka.